Imarisha Pikipiki ya Zamani Kabla ya Kuongeza Mzigo

Katika skimu nyingi za makazi, kuanzia Kinangop na Ol Kalou mpaka Lugari na Nandi, pikipiki imekuwa chombo cha shamba kama jembe na panga. Ndiyo ichukuayo maziwa ya asubuhi mpaka kwenye tangi la kupozea la chama cha ushirika. Ndiyo iletayo mbolea na mbegu, na ndiyo impelekayo mgonjwa hospitali usiku. Mashamba haya yalipoanza kugawanywa mwaka 1962, chini ya Mpango wa Ekari Milioni Moja, njia nyingi zilikuwa za udongo, na nyingi ni za udongo mpaka leo. Wakati wa mvua ni matope. Wakati wa kiangazi ni mashimo na mawe.

Pikipiki ikiisha kufanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa, huanza kugonga chini kila ikipita shimo, kuyumba mteremkoni, na kumwaga maziwa. Mwenyewe husema, "Springi zimechoka." Huenda dukani akanunua shokomzoba nene kuliko za kwanza, au humwambia fundi aongeze jozi ya pili kando ya zile za zamani. Sehemu ya nyuma inasimama juu, naye anafurahi. Lakini baada ya majuma machache pikipiki inayumba zaidi kuliko kwanza, na siku nyingine fremu inapasuka pale chini ya kiti.

Kwa nini? Kwa sababu mkulima huyo ameweka kitu kipya chenye nguvu juu ya vitu vilivyochakaa. Hakuna mtu anayeezeka mabati mapya juu ya nguzo zilizoliwa na mchwa. Kanuni ya kazi hii ni moja tu, nayo ni hii: kilichochakaa kitengenezwe kwanza, ndipo kilicho dhaifu kiimarishwe.

KAZI YA SPRINGI NA KAZI YA MAFUTA

Watu wengi hudhani kwamba shokomzoba ni springi tu. Sivyo. Springi hubeba mzigo, na gurudumu likigonga jiwe springi hujikunja. Lakini springi ikijikunja hurudi kwa nguvu ile ile iliyoipokea. Kama ingeachwa peke yake, pikipiki ingeruka-ruka kama mpira wa watoto.

Kwa hiyo ndani ya shokomzoba kuna bomba lenye mafuta. Springi inapojikunja na kurudi, mafuta hulazimishwa kupita katika matundu madogo, nayo hupita kwa shida. Shida hiyo ndiyo inayotuliza mruko. Nguvu ya mruko hugeuka kuwa joto, na ndiyo sababu ukishika shokomzoba nzima baada ya safari ya njia mbaya utaiona ina moto kidogo.

Foku za mbele hufanya kazi kwa namna hiyo hiyo. Mwaka 1935 kiwanda cha BMW cha Ujerumani kilitoa pikipiki aina ya R12, ambayo foku zake zilikuwa mabomba yanayoingiana, na mafuta ndani yake ya kutuliza mruko. Pikipiki ndogo tunazotumia shambani leo bado zina foku za namna hiyo. Basi pikipiki ya zamani haina ubaya kwa sababu ya umbo lake. Ubaya wake ni kuchakaa, na kuchakaa kunatengenezeka.

Jaribio ni rahisi. Simama kando ya pikipiki, kandamiza kiti kwa nguvu, kisha uachilie. Ikipanda na kutulia mara moja, mafuta yangali yanafanya kazi. Ikidunda mara mbili au tatu, mafuta yamekwisha au yamechoka. Fanya hivyo na upande wa mbele, ukishika usukani na breki ya mbele.

Hapa ndipo tunapoona hatari ya kuongeza springi bila kutazama mafuta. Springi ngumu isiyotulizwa hulirusha gurudumu juu. Gurudumu lililo hewani halishiki njia, wala breki yake haina kazi.

MZIGO UMEKAA WAPI?

Kabla ya kununua chochote, yafaa mkulima apige hesabu ya mzigo wake. Lita moja ya maziwa ina uzito wa kilo 1.03 hivi. Kwa hiyo lita 50 ni kilo 51 na nusu, bila kuhesabu mtungi wenyewe. Gunia la viazi la kiasi kilichowekwa na sheria ni kilo 50.

Lakini uzito si jambo la peke yake. Mahali mzigo unapokaa ni jambo la maana vile vile. Tuseme kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya gurudumu la nyuma ni sentimita 125, na mkulima amefunga gunia la kilo 50 kwenye keria ndefu, sentimita 25 nyuma ya ekseli ya nyuma. Pikipiki sasa ni kama ubao wa kupimia unaoegemea gurudumu la nyuma. Gurudumu hilo halibebi kilo 50 za gunia, bali linabeba kilo 60, na gurudumu la mbele linapunguziwa kilo 10. Usukani unakuwa mwepesi, na kupandia kilima unakuwa mwepesi zaidi. Gunia hilo hilo likisogezwa mbele mpaka liwe juu ya ekseli, gurudumu la nyuma litabeba kilo 50 tu, na la mbele halitapunguziwa kitu.

Basi njia ya kwanza ya kuimarisha pikipiki haina gharama: fupisha keria, au sogeza mzigo mbele na uushushe chini. Mitungi miwili midogo iliyoning'inizwa sawasawa kushoto na kulia ni bora kuliko mtungi mmoja mkubwa uliosimama juu nyuma.

Tena soma kitabu cha pikipiki uone uzito mkubwa ulioruhusiwa, ukikumbuka kwamba wewe mwenyewe umo katika hesabu hiyo. Shokomzoba mpya haziongezi uzito ulioruhusiwa, maana breki, matairi, spoki na fremu ni zile zile.

KUCHUNGUZA CHASISI

Uchunguzi huu huchukua muda wa saa moja hivi, na mkulima anaweza kuufanya mwenyewe akiwa na mtu wa kumsaidia. Osha pikipiki kwanza, maana matope huficha makosa.

Kwanza, shingo ya usukani. Simamisha pikipiki kwa stendi ya katikati na uweke kipande cha mti chini ya injini mpaka gurudumu la mbele liwe hewani. Shika foku pale chini kwa mikono miwili, uvute mbele na usukume nyuma. Ukisikia kugonga, shingo imelegea. Kisha geuza usukani polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Ukisikia kama unaingia katika kijishimo pale katikati, goroli zimekwisha kuchimba njia zake, wala kukaza nati hakutasaidia kitu. Hapana budi goroli na vikombe vyake vibadilishwe vyote pamoja. Kwa aina nyingi za pikipiki kunapatikana beringi zenye rola za umbo la pia badala ya goroli. Rola hizo hugusa chuma kwa urefu wake wote, hali goroli hugusa mahali padogo tu, kwa hiyo hudumu zaidi katika njia mbaya. Kwa pikipiki ya zamani ya kubebea mizigo, hili ni badiliko zuri sana.

Pili, magurudumu. Shika gurudumu kando, juu na chini, ulitikise. Likicheza, beringi zimekwisha. Namba ya beringi imeandikwa ubavuni mwake. Katika pikipiki ndogo utaona mara nyingi 6301 au 6302. Namba hiyo ni kipimo cha nchi zote: 6301 ina tundu la milimita 12 na upana wa nje milimita 37, na 6302 ina tundu la milimita 15 na upana wa nje milimita 42. Uliza beringi yenye namba ile ile, lakini yenye alama 2RS, maana hiyo ina mfuniko wa mpira pande zote mbili, na matope hayaingii upesi. Kisha gonga spoki moja moja kwa spana. Iliyokaza hulia kama kengele, na iliyolegea hutoa sauti ya kufa.

Tatu, mkono wa nyuma, ambao mafundi huuita swingamu. Huu ndio unaolishika gurudumu la nyuma na kuliacha lipande na kushuka. Gurudumu la nyuma likiwa hewani, shika ncha ya mkono huo uusukume kushoto na kulia. Ukicheza hata kidogo, bushi zake zimeliwa. Kosa hili ndilo linaloifanya pikipiki iyumbe mkia kama ng'ombe anayefukuza nzi, na ndilo ambalo watu wengi hulilaumu shokomzoba. Bushi za plastiki au za mpira zaweza kubadilishwa kwa bushi za shaba ngumu zilizochongwa na fundi wa mashine, mradi zipakwe grisi mara kwa mara. Tazama pia bolti ndefu inayopita katikati. Ikiwa imeliwa, bushi mpya haitadumu.

Nne, fremu yenyewe. Nyufa huanzia karibu na mahali palipounganishwa kwa moto, hasa nyuma ya shingo ya usukani, na pale shokomzoba zinapofungwa juu. Ufa mdogo hauonekani kwa macho. Fanya hivi: paka mafuta ya taa mahali hapo, ngoja kidogo, ukaushe kwa kitambaa, kisha upake unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yatatoka na kuandika mstari juu ya chaki. Ukiona mstari huo, usipakie tena mzigo mpaka fundi hodari wa kulehemu aitengeneze.

KUTENGENEZA FOKU

Foku nyingi za zamani hazihitaji kubadilishwa. Zinahitaji mafuta safi na sili mpya. Mafuta yaliyotumika miaka mingi huwa meusi na membamba, na mara nyingi huwa yamechanganyika na maji.

Kwanza pitisha ukucha juu ya bomba linalong'aa. Ukikwaruzwa na kutu au kovu, sili mpya itakatwa mara moja, na fedha zako zitapotea. Makovu madogo yaweza kulainishwa kwa msasa laini sana, lakini bomba lililoliwa au kupinda libadilishwe. Kujua kama limepinda, lilaze juu ya kioo na ulizungushe, na mwanga utaonekana chini yake.

Kifuniko cha juu kinafunguliwa kwa uangalifu, maana springi inasukuma kutoka ndani, nacho chaweza kuruka usoni. Mwaga mafuta yote, safisha, kisha utie mafuta mapya ya foku ya aina na kiasi kilichoandikwa katika kitabu. Kiasi cha kushoto na kulia hapana budi kiwe sawa. Bomba la sindano la kuchanjia ng'ombe lenye alama za mililita hupima vizuri sana, lakini likiisha kutumika kwa mafuta lisirudi tena kwa ng'ombe.

Mafuta ya foku hupimwa uzito kwa namba. Ikiwa kitabu kinasema 10, mkulima anayebeba mizigo kila siku aweza kujaribu 15, na foku zitatulia zaidi. Asitie mafuta ya injini ya namba 40. Asubuhi ya baridi ya Kinangop mafuta hayo huwa mazito, foku zikawa ngumu kama mti. Tena asizidishe kiasi. Ndani ya foku hapana budi kuwe na nafasi ya hewa, la sivyo mafuta yatapasua sili.

KUCHAGUA SHOKOMZOBA ZA NYUMA

Mambo yote hayo yakiisha tengenezwa, sasa ndio wakati wa kununua shokomzoba. Zinunuliwe mbili pamoja za aina moja, wala isichanganywe mpya na ya zamani.

Pima urefu wa ile ya kwanza kutoka katikati ya tundu la juu mpaka katikati ya tundu la chini, na ile mpya iwe sawa nayo. Vijana wengine hupenda ndefu ili pikipiki iinuke nyuma. Jambo hili si zuri. Nyuma ikiinuka, foku husimama wima zaidi, na usukani huwa mwepesi na wa kutetemeka kwa mwendo wa kasi. Mnyororo pia hubadilika, nao waweza kukwaruza mkono wa nyuma.

Juu ya ugumu wa springi, yafaa mkulima ajue siri moja. Unene wa waya una nguvu kuliko tunavyodhani. Springi mbili zikiwa na upana mmoja na mizunguko sawa, moja ya waya wa milimita 7 na nyingine ya milimita 8, hii ya pili ni ngumu zaidi kwa kiasi cha sehemu 70 katika 100. Kwa hiyo usichague ile nene kabisa dukani. Tofauti ya nusu milimita ni kubwa. Uliza pia kama shokomzoba ina mafuta kweli. Ikandamize na uiachilie: ikirudi polepole na kwa utulivu ni nzuri, ikiruka ni springi tupu. Daima dai risiti, maana vitu vya bandia ni vingi.

KUREKEBISHA KWA KIPIMO

Shokomzoba nyingi zina pete yenye ngazi chini ya springi, mara nyingi ngazi tano. Kuizungusha hakufanyi springi iwe ngumu, bali kunainua pikipiki ili irudi katika kimo kinachofaa chini ya mzigo. Kipimo chake ni hiki.

Gurudumu la nyuma likiwa hewani, pima kutoka ekseli mpaka alama uliyoweka juu yake kwenye fremu. Tuseme umepata milimita 500. Sasa ishushe pikipiki, ukae juu yake pamoja na mzigo wako wa kila siku, na mwenzako apime tena. Tuseme amepata 470. Pikipiki imekaa milimita 30. Kwa pikipiki ambayo gurudumu lake la nyuma linaweza kupanda milimita 90, hicho ni kiasi cha theluthi moja, nacho ni kizuri. Ikikaa milimita 50, panda ngazi moja au mbili. Ikiwa hata ngazi ya mwisho haitoshi, ama springi ni dhaifu ama mzigo ni mkubwa mno. Piga hesabu ya mzigo kwanza.

Maziwa yakiisha kushushwa, rudisha ngazi chini kwa safari ya kurudi mtupu, hasa njia ikiwa ndefu. Pia pima mnyororo upya kila unapobadilisha kimo, na utie upepo katika matairi kwa kiasi kilichoandikwa kwa mzigo.

MAMBO YA KUEPUKA

Usilehemu keria juu ya mkono wa nyuma wala juu ya fremu. Bomba la fremu ni jembamba, na moto huidhoofisha sehemu iliyo kando ya kiungo. Keria ifungwe kwa bolti mahali palipotengenezwa na kiwanda.

Usiongeze jozi ya pili ya shokomzoba. Pale zinapofungwa hapakutengenezwa kubeba nguvu hiyo, nayo hupasuka. Tena pikipiki yenye springi nne ikiwa tupu haikandamiziki, nayo huruka-ruka kila jiwe.

Usijaribu matengenezo mapya ukiwa na mzigo, wala ukiwa na abiria. Iendeshe tupu kwanza kwa mwendo wa polepole, urudi, ukaze bolti zote tena, ndipo upakie nusu ya mzigo. Nawe vaa kofia ya chuma hata kama ni mwendo wa kwenda langoni tu.

KUPANGA GHARAMA

Si lazima kazi yote ifanywe mwezi mmoja. Anayelipwa fedha za maziwa kila mwisho wa mwezi aweza kupanga hivi: mwezi wa kwanza shingo ya usukani na beringi za magurudumu, mwezi wa pili bushi za mkono wa nyuma, wa tatu sili na mafuta ya foku, na wa nne shokomzoba. Mpangilio huu usigeuzwe. Ikionekana ufa katika fremu, huo utangulie yote. Na fundi akikuambia fremu imepinda au imeoza kwa kutu ndani, usitie hata shilingi moja zaidi, bali anza kuweka akiba ya pikipiki nyingine.

Mwisho, weka daftari dogo. Andika tarehe uliyobadilisha kila kitu na kilomita zilizoonyeshwa na saa ya pikipiki, kama vile unavyoandika tarehe ya kupandisha ng'ombe. Mwaka ujao utajua ni kitu gani kilidumu na ni kipi kilichokula fedha zako bure. Na anayekusubiri nyumbani, na aliyekupa mtoto wake umpeleke shule, wote wanaitegemea bushi ile ndogo ambayo hakuna anayeiona. Itazame wewe.